Stesheni za Reli ya Kati na Historia ya Ugogo

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Manispaa ya Dodoma watu 410,956, na sensa ya mwaka 2022 ilipopita katika eneo hilo, ambalo miaka minne kabla yake lilikuwa limekwisha kupandishwa cheo likawa jiji, ilikuta watu 765,179. Mji unaokaribia kuongezeka mara mbili katika muda wa miaka kumi haukuongezeka kwa uzazi peke yake. Wamehamia watumishi wa serikali na jamaa zao, mafundi, wanafunzi, wafanyabiashara, na watu wasio na kazi ambao walisikia kwamba kazi ipo wakaifuata. Watu hawa wanajenga, wanazaa na wanazika, na watoto wao huulizwa shuleni habari za mahali walipozaliwa, wakawa hawana la kujibu zaidi ya lile walilolisoma katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi nzima. Suala ninalotaka kulichambua ni hili: historia ya wilaya ya namna hii ni ya nani, ianzie wapi, na ushahidi wake utafutwe katika kitu gani. Jawabu langu ni kwamba ushahidi ulio karibu kuliko wote, ambao mwenyeji na mgeni wana haki sawa juu yake, umo katika stesheni za reli. Ila stesheni humwambia kweli yule tu anayeiuliza pia habari za mahali ambapo gari la moshi halikusimama.

Waandishi wa historia za miji yetu ya bara huteleza katika mojawapo ya njia mbili. Wako waanzao na siku reli ilipofika, kana kwamba kabla ya siku hiyo palikuwa na nyika tupu isiyo na mwenyewe, na hao huwadhulumu Wagogo, waliokuwa na visima vyao, ng'ombe wao, watemi wao na mipaka yao zamani sana kabla mhandisi yeyote hajapima mteremko wa nchi ile. Wako na wengine ambao, kwa kuuchukia ukoloni, na chuki yao ni ya haki, huiona reli kuwa chombo cha Wajerumani na Waingereza tu, na stesheni kuwa nyumba ya mgeni isiyohusiana na nasaba ya mahali. Na hao huwadhulumu watu weusi waliochimba tuta, wakapasua mawe, wakatandika mataruma, kisha wakaishi kando ya njia hiyo vizazi vitatu au vinne. Kosa la kwanza ni la zamani zaidi, kwa kuwa limo katika taarifa za wakoloni wenyewe. La pili lina nia njema, walakini athari yake si ndogo, kwa sababu humfanya mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyezaliwa Dodoma kuwa mtu asiye na kwao.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwezi wa Februari mwaka 1905, na kazi yenyewe ilishikwa na wajenzi wa Kijerumani, kampuni ya Philipp Holzmann. Mwaka huo huo vita vya Maji Maji viliwaka upande wa kusini wa njia, na dola iliyokuwa ikiteketeza vyakula vya Wamatumbi na Wangindo ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikisukuma vyuma vyake kuelekea Morogoro. Mwenye kuisifu reli hana budi kuyatazama mambo haya mawili kwa pamoja. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Kilosa mwaka 1909, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, safari ya kilometa zipatazo 1,250 juu ya njia yenye upana wa meta moja. Katika masafa yote hayo mhandisi hakuuliza kwanza watu wanakaa wapi. Aliuliza mteremko ukoje, mto utavukwa wapi, na maji ya mashine yatapatikana baada ya mwendo gani. Kwa maana mashine ya mvuke hunywa maji mengi na hula kuni au makaa bila kukoma, na isipopata vyote viwili kwa wakati wake husimama porini na abiria wake. Ndiyo sababu mgeni anayepita leo huona stesheni imekaa mahali pasipokuwa na kijiji cha zamani wala soko la zamani, akadhani iliwekwa kwa bahati, kumbe iliwekwa kwa hesabu, ila hesabu yenyewe haikuwa ya watu.

Matokeo ya hesabu hiyo yanaonekana kwa yeyote atakayechukua ramani na kufuatisha njia ya misafara ya karne ya 19, kisha akafuatisha reli. Bagamoyo, bandari ambayo wapagazi wa Unyamwezi waliiona kuwa mwisho wa dunia yao na mwanzo wa raha, iliachwa kaskazini, na neema yote ikahamia Dar es Salaam. Mpwapwa, kituo kikubwa ambapo kila msafara ulipumzika na kujaza maji kabla ya kuikabili nyika, mahali ambapo wamisionari walikaa tangu miaka ya 1870 na Wajerumani wakajenga boma mapema, ilipitwa kando. Reli ilishika bonde la mto, na watu wa Mpwapwa wakalazimika kuteremka mpaka Gulwe ili kulipata gari la moshi. Kilimatinde, boma lililosimama juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, liliona njia ikipita chini yake Saranda na kupanda kwenda Manyoni, na makao ya wilaya yakaifuata njia hiyo. Ujiji, mji wa waungwana na wa wavuvi, ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, ulinyimwa kituo cha mwisho kwa sababu ghuba ya Kigoma ilikuwa na kina cha kutosha meli, na pwani ya Ujiji haikuwa nacho. Tabora peke yake, kati ya miji mikubwa ya misafara, ilipata bahati ya kuwa penye njia ya zamani na penye njia mpya pia, na ndiyo maana hata leo ukitembea Tabora unaona zama mbili zimekaa pamoja bila ya moja kuifukuza nyingine. Kwa hiyo kila stesheni kubwa ya njia hii ina mwenzake aliyenyimwa, na historia ya mmoja haisomeki sawasawa bila ya historia ya mwingine.

Katika Ugogo jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa Ugogo haikuwa njia tu ya misafara bali ilikuwa mlango wenye wenyewe. Msafara uliotoka Mpwapwa kwenda bara ulivuka kwanza Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa, ambayo wapagazi waliikata kwa mwendo wa haraka wakiwa na vibuyu mabegani. Na walipotokea upande wa pili walikuwa katika nchi ya watemi wa Kigogo, ambao kila mmoja alikuwa na visima vyake, na aliyetaka kuteka alilipa hongo kwa nguo, shanga, nyaya au majembe. Wasafiri wa Kizungu waliandika juu ya hongo hiyo kwa hasira nyingi, wakaiita unyang'anyi, na hasira yao imeingia katika vitabu vyetu bila ya kuchunguzwa. Lakini mtu aliyechimba kisima katika mchanga wa mto mkavu, akakilinda na kukizoa matope kila mwaka, kisha wakati wa kiangazi akauona msafara wa watu mamia unafika ili kukimaliza kwa siku mbili ilhali ng'ombe wake wanangoja zamu, hakuwa mnyang'anyi alipotaka malipo. Alikuwa akitoza ushuru wa kitu adimu katika nchi yake, kwa utaratibu uliojulikana, na kwa mtu aliyekubali kulipa alitoa amani ya njia na nafasi ya kununua chakula. Huo ni utawala, na wenye utawala huo wanastahili kutajwa katika ukurasa wa kwanza wa historia ya mji wowote uliomea katika nchi yao.

Wajerumani walianza kuivunja haki hiyo kwa bunduki katika miaka ya 1890. Reli ikaimaliza bila ya kurusha risasi, kwa sababu behewa moja lilibeba mzigo wa wapagazi wengi, na mashine ilikuwa na matangi yake. Mtemi ambaye jana alikuwa na ufunguo wa njia aliamka akakuta njia haipiti tena mlangoni pake. Na katika uwanda uliozungukwa na vilima vya mawe, mahali ambapo hapakuwa na mji wa misafara wa kulinganishwa na Mpwapwa, ikasimama stesheni ya Dodoma, na kandokando yake hoteli ya reli, maduka ya Wahindi, ghala za ngozi, samli na karanga, na boma la serikali. Baadaye njia kuu ya magari itokayo kaskazini kwenda Iringa na Rhodesia ilipokatiza reli mahali hapo, na ndege za Imperial Airways zilipoanza mwaka 1932 kutua hapo katika safari zao za kwenda Cape Town, Dodoma ikawa njia panda ya nchi, na watu wakaanza kusahau kwamba ujuzi wa kuishi katika nchi ile kavu haukuletwa na stesheni.

Walikumbushwa kwa msiba. Mwezi wa Julai mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Dodoma, na mwezi wa Septemba Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji waliotoka Kongo. Na katika miaka hiyo ya vita kila jeshi lililoishika reli liliitumia reli hiyo hiyo kuizoa nchi iliyo kandokando yake, likachukua nafaka, likachukua ng'ombe, likachukua wanaume wa kubeba mizigo, wengi wao wasirudi. Mvua zilipokataa baada ya hayo, Wagogo hawakuwa na akiba ghalani, wala mifugo ya kubadilisha kwa chakula, wala mikono ya kulima, na njaa iliyofuata, ambayo wao huiita Mtunya, iliua watu wengi kiasi kwamba wanahistoria hutaja makadirio ya watu 30,000 kati ya 150,000 wa wilaya ya Dodoma. Nimesimama juu ya habari hii kwa makusudi. Sifa inayorudiwa zaidi katika hotuba na vitabu ni kwamba reli huondoa njaa kwa kuleta chakula mahali palipopungukiwa, na sifa hiyo ni ya kweli katika miaka ya amani na mbele ya serikali yenye huruma. Lakini njia iletayo chakula ndiyo njia ikiondoayo pia, na Ugogo ilijifunza sehemu ya pili kabla ya ya kwanza. Stesheni ya Dodoma ikija kupata ubao wa kumbukumbu wenye mwaka 1910, haki inataka ubao huo uitaje na Mtunya.

Hayo ndiyo yaliyofanywa na stesheni juu ya wenyeji. Sasa natazama watu walioletwa nayo, maana hapa ndipo historia ya wilaya inapokuwa pana kuliko ukoo mmoja. Wanyamwezi waliokuwa wapagazi wa njia za misafara waligeuka kuwa wachimbaji wa tuta la reli, nao wakaleta uzoefu wa safari na wa kukaa kambini. Wasimamizi Wayunani waliokuja na wajenzi walibaki nyuma, baadhi yao wakawa wenye mashamba ya mkonge katika sehemu za Kilosa na Morogoro. Wahindi wakashika maduka na kazi za ukarani wa reli. Na watu wa pwani walikuja na kanzu, msikiti na lugha. Katika kota za reli, ambazo zilijengwa nyumba kwa nyumba kwa vipimo vilivyo sawa, Mnyamwezi alikaa jirani na Mzaramo, Mgogo na Msukuma, na watoto wao hawakuwa na lugha ya kuchezea isipokuwa Kiswahili. Watu husema sana juu ya shule na siasa wanapotafuta asili ya umoja wa Tanganyika. Mimi naona kwamba ua wa kota za reli unastahili sehemu yake katika sifa hiyo, na sehemu hiyo haijapimwa bado.

Walikuwapo pia waliopita tu. Tangu mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kilikuwa na idara yake ya kuajiri vibarua, ambayo watu waliijua kwa jina la SILABU, na maelfu ya Waha na Warundi walipandishwa mabehewa Kigoma wakiwa na vibandiko vya namba, wakaitwa manamba, wakashushwa mashariki kwenye mashamba. Stesheni za katikati ziliwaona wakipita na wakirudi, wengine wakiwa na baiskeli na blanketi, wengine wakiwa na kifua kikuu. Vijiji kadhaa vya kandokando ya reli vina wazee ambao baba zao waliteremka katika safari ya kurudi wasiendelee, kwa sababu ya ugonjwa au ya mke au ya shamba, na koo zao zimekwisha kuwa koo za mahali hapo. Historia ya wilaya isiyokuwa na sura juu ya watu hawa ina pengo.

Na siasa nayo ilisafiri kwa gari la moshi. African Association, ambayo ndiyo iliyokuja kuzaa TANU, ilifanya mkutano wake wa mwaka 1945 Dodoma, katikati ya reli, mahali ambapo mjumbe wa pwani na mjumbe wa ziwa walikutana bila ya mmoja wao kusafiri nchi nzima. Mwezi wa Septemba mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma, mgomo ulisambaa bara kwa kufuata njia ya reli, ukafika Morogoro, Dodoma na Tabora, na serikali iliyozoea kuona reli ni mkono wake ikatambua kwamba habari za wafanyakazi hupanda behewa moja na barua zake. Mwaka 1960, chini ya uongozi wa Christopher Kasanga Tumbo, wafanyakazi wa reli waligoma kwa zaidi ya miezi miwili, na mzozo ule ulionyesha mapema, kabla ya bendera mpya kupandishwa, suala gumu lililokuwa likiingoja nchi huru: mfanyakazi aliyedai uhuru pamoja na chama, je, atakuwa na sauti yake mwenyewe baada ya uhuru? Jambo hili huandikwa aghalabu kama habari ya Dar es Salaam. Lakini mgomo wa reli hufanyika mahali palipo na reli, na gadi aliyeweka kipenga chini katika stesheni ndogo ya Ugogo, mahali asipokuwa na umati wa kumtia moyo, alikuwa jasiri kwa namna ambayo mtu wa mjini hakuhitaji kuwa.

Ziko na stesheni zilizokufa, nazo hufundisha zaidi kuliko zile zilizo hai. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, wakatoa tawi la reli kutoka Msagali, wakasafisha msitu kwa mashine zilizotumika vitani, katika udongo unaogeuka mgumu mvua zikikatika na katika nchi ambayo Mgogo yeyote angaliwaambia kwamba mvua yake haina ahadi. Mradi ulikomeshwa mwaka 1951 baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36, na reli ya Kongwa ikang'olewa. Ndugu yake wa kusini, reli iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo hizo, ilifungwa mwaka 1962. Tawi la Manyoni kwenda Kinyangiri, lililojengwa katika miaka ya 1930, lilikuwa limekwisha kung'olewa kabla yake. Na hapa kuna jambo ambalo sijaona likifikiriwa kama linavyostahili: Kongwa na Nachingwea, miji miwili iliyoachwa na reli, ndiyo iliyokuja kupokea makambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, Kongwa tangu mwaka 1964 ikiwa na wapiganaji wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na wengineo, na Nachingwea ikawa kambi kubwa ya FRELIMO. Ardhi iliyokwisha kusafishwa, mbali na macho ya watu, ilikuwa tayari. Kosa la dola moja likawa nyenzo ya kuangusha dola nyingine, na mahali pa kulisoma jambo hilo ni kwenye tuta lisilokuwa na vyuma.

Nchi yenyewe nayo imeandika hoja yake juu ya reli. Sehemu baina ya Kilosa na Gulwe, ambapo njia ya zamani inafuatana na mto Mkondoa katika bonde jembamba, imesombwa na mafuriko mara nyingi, na mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 yaliikata njia kwa miezi. Mhandisi wa Kijerumani aliuchagua mto kwa sababu ulimpa mteremko mwepesi, na kila kizazi kilichofuata kimelipa gharama ya uchaguzi huo. Reli mpya imejibu kwa kutoboa mahandaki katika milima ya Kilosa.

Hiyo reli mpya ndiyo iliyolifanya suala hili kuwa la haraka. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Uamuzi huo ulikaa miongo mingi ukitekelezwa kidogo kidogo, mpaka mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhama kwa dhati. Jiwe la msingi la reli ya kisasa liliwekwa Pugu mwezi wa Aprili mwaka 2017, na mwezi wa Julai mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma. Ni kazi kubwa, na mtu aliyewahi kulala njiani kwa sababu tuta limechukuliwa na maji hana sababu ya kuionea uchungu. Dar es Salaam stesheni mpya imesimama jirani na ile ya zamani, na mtu huweza kuziona zote mbili kwa mtazamo mmoja. Morogoro imewekwa Kihonda, na Dodoma imewekwa nje ya kitovu cha mji wa zamani, kwa hiyo maduka, nyumba za wageni, masoko na vituo vya mabasi vitahama kuzifuata, kama vile watu wa Kilimatinde walivyohama kuifuata Manyoni. Majina nayo yamebadilika maana yake: stesheni kubwa za Dar es Salaam na Dodoma zimepewa majina ya marais, Magufuli na Samia, ilhali za zamani ziliitwa kwa jina la mahali zilipo. Sioni ubaya wa kumheshimu aliyejenga, lakini jina la mahali hubeba habari ambayo jina la mtu haliwezi kuibeba, na natumaini kwamba Igandu, Gulwe na Bahi zitaachiwa majina yao.

Wenzetu wa Kenya wametutangulia katika mambo haya kwa miaka saba. Treni ya kisasa ya Mombasa na Nairobi ilianza mwaka 2017, na kituo chake cha Nairobi kikawekwa Syokimau, na cha Mombasa Miritini. Mji kama Makindu, ambao reli ya zamani iliufanya kituo kikubwa, na ambapo Masingasinga walijenga hekalu lao linalolisha msafiri wa dini yoyote bila ya malipo, haukupewa stesheni katika njia mpya. Lakini Nairobi ina makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, wakati reli ilipokuwa bado ya Afrika Mashariki nzima. Na kwa kuwa makao makuu ya shirika lile yalikuwa Nairobi mpaka jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mtafiti wa stesheni za Ugogo atakuta kwamba nyayo za baadhi ya habari zake zinavuka mpaka.

Sheria haitatusaidia yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda bila ya tangazo jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863, na kwa kuwa hakuna hata tofali moja la reli yetu lenye umri huo, kila stesheni inamtegemea waziri aitangaze. Mtu ataniambia kwamba nchi yenye upungufu wa zahanati haina fedha ya kupaka rangi stesheni tupu, na hoja yake ninaiheshimu. Siidai serikali ihifadhi kila jengo. Jengo la Kigoma, ambalo kila mtu hulisifu, litajipatia watetezi. Ninaloliogopea ni daftari la stesheni ndogo: vitabu vya mizigo vinavyoonyesha ni mwaka gani ngozi zilizidi karanga, na ni mwaka gani mahindi yaliingia badala ya kutoka, vipimo vya mvua vilivyoandikwa kila asubuhi, orodha za wafanyakazi wa magenge ya njia. Hivyo havihitaji rangi. Vinahitaji kabati, mtu wa kuvisoma, na amri ya kutovichoma siku ofisi inapohamishwa. Na vinahitaji kusomwa pamoja na maneno ya wazee wa aina mbili ambao aghalabu hawaketishwi pamoja, wastaafu wa reli na wazee wa koo za Kigogo, kwa sababu kila upande unajua lile ambalo mwingine hakuliona.

Karatasi za reli mpya nazo ni historia tangu leo. Kabla ya tuta kupita, wathamini walikwenda shamba kwa shamba wakaandika mwenye ardhi, miti yake, kisima chake, nyumba yake na makaburi yake, ili alipwe fidia. Na majalada hayo, pamoja na kazi yake ya malipo, ni maelezo ya nchi ambayo reli ya mwaka 1910 haikutuachia, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyemwuliza Mgogo jina lake. Yakifungiwa ofisini yataliwa na mchwa kama yalivyoliwa mengine. Nakala zake zingewekwa katika maktaba ya mkoa baada ya muda unaolinda siri za watu. Kama ningeulizwa kazi hii ianzie wapi, ningesema ianzie Gulwe, wala si Dodoma mjini. Gulwe ina stesheni ya zamani na ya kisasa. Iko mwisho wa bonde la mafuriko. Mpwapwa iliyopitwa iko jirani yake. Na mji wake bado ni mdogo kiasi kwamba mwalimu mmoja wa historia, akiwa na wanafunzi wake wa kidato cha tatu na likizo moja, anaweza kuzipitia kaya zake zote.